Kazi Waliyoijua Tayari

Mwanzoni mwa mwaka 2007 vijana watano wa Kimaasai waliandikwa kazi katika ranchi ya jamii ya Mbirikani, kusini mwa Kajiado, kwenye nyanda zilizo baina ya vilima vya Chyulu na Mbuga ya Kitaifa ya Amboseli. Cheti cha shule hakikuwa sharti. Kuwahi kuua simba nako hakukuwa kizuizi, kwani miongoni mwa walioajiriwa katika miaka ya mwanzo walikuwamo morani waliokwisha kujipatia sifa kwa mkuki. Kazi waliyokabidhiwa ilikuwa kumlinda simba yuleyule.

Katika viwanda na ofisi za ukanda wetu huu, kuanzia Athi River hadi Kitengela na Isinya, kumtuza mfanyakazi kuna sura inayojulikana. Kuna cheti chenye fremu, kuna picha ya mfanyakazi bora wa mwezi ukutani, kuna hotuba ya mkubwa wa kazi na makofi, kisha kila mtu anarudi kwenye mashine yake. Sina ugomvi na cheti. Lakini ni nadra sana mkubwa kumwita mtu na kumuuliza: wewe unajua nini ambacho sisi wengine hatukijui, na tukikupa kazi ya hicho unachokijua itakuwaje? Mbirikani swali hilo liliulizwa, na majibu yake yamebadilisha maisha ya watu na ya wanyama katika kaunti nzima.

Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika boma la Kimaasai, kwa vizazi vingi, ngoma iliyotunzwa kuliko zote ilikuwa olamayio, uwindaji wa simba. Morani waliondoka alfajiri na mikuki, na aliyetangulia kumchoma simba alirudi mtu mwingine. Alipewa jina jipya, jina la simba, ambalo rika lake lingemwita nalo. Manyoya ya shingo ya mnyama yalishonwa kuwa kofia ya fahari, olawaru. Wasichana waliimba habari zake, na wazee walimtazama kwa jicho lingine. Kijana ambaye bado hana ng'ombe wake, hana mke, wala hana sauti barazani, kwa siku moja aliinuliwa juu ya wenzake wote. Anayetaka kuelewa kwa nini sheria haikufua dafu mbele ya desturi hii na alipime tuzo hilo kwanza.

Maana sheria zilikuwepo. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa na Laikipia, ikawasogeza kwenye hifadhi ya kusini ambayo leo ndiyo Kajiado na Narok. Mbuga ya Nairobi ikatengwa mwaka 1946, mlangoni pa Kitengela. Amboseli ikawa hifadhi ya wanyama mwaka 1948 na mbuga ya kitaifa mwaka 1974. Mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchini kote. Simba waliendelea kutoka mbugani usiku, ng'ombe wakaendelea kuliwa, na morani wakaendelea kuinua mikuki, mara kwa kisasi, mara kwa sifa. Mwenye boma alibaki na hasara, na faida ya utalii ilikwenda kwingine. Akiona bendera ya mbuga, mzee wa Mbirikani aliona mali ya watu wengine.

Mwaka 2003 likaja jaribio la fedha. Mfuko wa fidia ulianzishwa Mbirikani na shirika lililohusishwa na mhifadhi Richard Bonham, ambalo baadaye lilijiunga na shirika la uhifadhi la Big Life. Ng'ombe akiuawa na simba, fisi au chui, mkaguzi alifika kuthibitisha, na mwenye mali akalipwa sehemu ya thamani yake. Simba akiuawa na watu, malipo ya eneo husika yalizuiwa. Mpango ulikuwa wa busara na ulipunguza mauaji sana. Haukuyamaliza, na sababu yake iko wazi ukilitazama boma kutoka ndani. Fidia ilikwenda kwa mwenye ng'ombe, naye ni mzee. Mwenye mkuki ni kijana, na kijana hana ng'ombe. Hasara ya baba yake ililipwa, lakini hakuna aliyemlipa yeye kwa jina alilolikosa.

Aliyeligundua hilo kwa kukaa na watu ni Leela Hazzah, mtafiti mwenye asili ya Misri, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison huko Marekani. Alikuwa amekua akisikia simulizi za simba wa Misri waliokwisha toweka. Alifika Mbirikani kuuliza kwa nini Wamaasai wanaua simba, akaishi na jamii kwa takribani mwaka mzima. Mazungumzo na morani yalichukua muda kuiva. Walipomzoea walimweleza uwindaji ulivyo, hatua kwa hatua, na humo ndani ya masimulizi kulikuwa na jambo ambalo mtafiti mwenye masikio asingeweza kulikosa. Vijana hawa walimjua simba kuliko mtu yeyote mwenye shahada. Walijua anapolala mchana, anakunywa wapi ukame ukizidi, na anaachana na kundi lake kwa sababu gani. Wazo la kuwaajiri lilizaliwa katika mazungumzo hayo, na morani wenyewe walikuwa na mkono katika kulizaa. Hazzah na mtafiti mwenzake, Stephanie Dolrenry, wakaanzisha mpango ulioitwa Lion Guardians, yaani walinzi wa simba.

Kazi yenyewe ilipangwa hivi. Mlinzi anatoka alfajiri na kulizungukia eneo lake kwa miguu. Akikuta unyayo anainama. Kingo za alama zikiwa bado kali, na umande haujaanguka ndani yake, simba amepita baada ya usiku kupoa. Zikiwa zimelegea, na mchwa au mende wamekwisha kupita juu yake, mnyama yuko mbali. Ukubwa wa kisigino unamwambia kama ni dume au jike, na alama ndogo pembeni zinamwambia kama jike ana watoto. Baadhi ya simba walivishwa mikanda yenye redio, hivyo mlinzi hubeba pia antena. Anapanda kichuguu au jiwe, anaigeuza taratibu huku na huku, na mlio unapopata nguvu anajua pa kuelekea. Kisha anakwenda, au anapiga simu kwa wachungaji: leo msipeleke ng'ombe upande wa korongo lile, wamelala huko.

Hapo ndipo lilipojitokeza pengo. Kijana anayeweza kusoma usiku mzima wa simba kwenye vumbi hakujua kuandika tarakimu 7. Taarifa za mahali alipoonekana mnyama zilihitaji kujazwa kwenye fomu, zikiwa na namba zilizosomwa kwenye kifaa cha GPS. Wapo waajiri ambao wangeishia hapo, wakatafuta mhitimu wa kidato cha nne asiyejua unyayo wa simba na wa fisi vinatofautianaje. Mpango huu uliwafundisha walinzi kusoma, kuandika na kuhesabu wakiwa kazini. Kwangu mimi huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika historia hii. Fomu inafundishika kwa miezi michache. Utambuzi wa mbuga ulichukua miaka ya utoto nyuma ya mifugo, na hakuna semina inayoweza kuupika. Walianza na kile ambacho mtu anakiweza, halafu wakamwongezea kinachopungua. Waajiri wengi hufanya kinyume: huanza na kinachopungua, na kile anachokiweza hakiulizwi kamwe.

Likaja suala la majina. Watafiti humtambua simba kwa mpangilio wa vidoadoa vilivyo kwenye mizizi ya masharubu yake, ambao haufanani kwa wanyama wawili. Walinzi walijifunza hilo, lakini wao walikuwa na la kuongeza: wakawapa simba majina ya Kimaasai. Zamani morani alipata jina kwa kumuua simba. Sasa morani alimpa simba jina, na jina likasambaa bomani. Mnyama aliyeitwa kwa jina akawa na ukoo, tabia na visa vyake. Watu wakaanza kuulizana jike fulani amezaa wangapi na dume fulani ametoroka kwenda wapi. Heshima ya zamani haikutupwa jalalani. Iliachwa mikononi mwa walewale, na shughuli iliyokuwa ikiileta ikabadilishwa.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Amboseli kuona jambo la namna hii. Cynthia Moss alianza utafiti wa tembo wa Amboseli mwaka 1972, na kuanzia miaka ya 1980 waliingia katika kazi hiyo wanawake wa Kenya, miongoni mwao Norah Njiraini, Soila Sayialel na Katito Sayialel. Walifikia kuwatambua mamia kwa mamia ya tembo kwa masikio na mipasuko yake, kwa meno na kwa mwendo. Wageni wenye shahada walikuja na kuondoka. Kumbukumbu ya familia za tembo ilikaa vichwani mwa akina mama hawa na katika madaftari waliyoyajaza kwa miongo. Wakapewa madaraka yanayolingana na ujuzi wao. Kwa hiyo nchi ilikuwa imekwisha kuona kwamba mwenyeji anaweza kuwa mtaalamu wa kwanza. Mbirikani ililipeleka jambo hilo kwa watu ambao hakuna aliyetarajia kuwaita wataalamu.

Ikumbukwe pia kazi za walinzi ambazo hazihusu simba moja kwa moja, maana ndizo zilizowapa kibali kwa majirani. Ng'ombe akipotea, mlinzi anamfuata kwa nyayo hadi ampate, kabla fisi hawajampata. Mtoto mchungaji akipotelea porini jioni, mlinzi ndiye anayeitwa. Ua wa boma ukilegea, anasaidia kuuziba kwa miiba. Na morani wenzake wakikusanyika kwa hasira baada ya ng'ombe kuuawa, yeye husimama mbele yao. Anayezungumza ni mmoja wa rika lao, pengine mwenye jina la simba tangu zamani. Askari wa serikali angesema maneno yaleyale na yangeangukia sikio la kufa.

Mwaka 2014 matokeo yalichapishwa katika jarida la kisayansi la Conservation Biology. Fidia ilikuwa imepunguza mauaji ya simba kwa asilimia 87 hadi 91. Palipokuwa na walinzi, yalipungua kwa asilimia 99. Fidia isidharauliwe kwa sababu hiyo. Asilimia 87 ni simba wengi na ni machozi mengi ya wenye mifugo yaliyofutwa. Lakini tofauti iliyobaki ndiyo ya kutafakariwa. Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake, baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani, waliandika kwamba mshahara duni na usimamizi mbaya humfanya mtu achukie kazi, lakini kinachomfanya aipende ni kufanikisha jambo na kutambuliwa kwa alilolifanikisha. Morani wa Mbirikani hawakuhitaji kitabu hicho. Walikuwa wameishi ndani ya mfumo wa kutambuliwa tangu wanatahiriwa.

Huku Kitengela historia ilikuwa imechukua njia yake. Mbuga ya Nairobi haina ua upande wa kusini, na wanyama hushuka kwa msimu hadi nyanda za Kaputiei. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua wala wasiuze ardhi. Ulianza na familia mbili na ekari 214. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, yakiangukia majira ya karo ya shule, na familia nyingi zilijiunga. Ardhi ililipwa. Hata hivyo, mnamo Juni 2012, simba sita waliuawa kwa mikuki katika kijiji cha Ilkeek-Lemedung'i baada ya kuingia kwenye boma na kula mbuzi. Mji ulikuwa umekua haraka, ploti zimebana mapito, na hasira ilikuwa imejaa hadi pomoni.

Na katika Kitengela hiyohiyo alikuwepo mtoto aitwaye Richard Turere. Akiwa na umri wa miaka 9 alikabidhiwa jukumu la kulinda ng'ombe wa baba yake, boma lao likiwa limepakana na mbuga. Alianza kwa moto, akaona moto unamsaidia simba kuona ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba walirudi nyuma, wa pili wakagundua kuwa haitikisiki. Usiku mmoja alizunguka zizi na tochi, na simba hawakuja. Akaelewa kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Alikuwa amejifunza umeme kwa kuifungua redio mpya ya mama yake, jambo lililomletea matata makubwa nyumbani. Akiwa na miaka 11 alichukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kifaa cha pikipiki kinachofanya taa za kukata kona ziwake na kuzimika, na balbu ndogo za tochi mbovu, akazifunga kuzunguka zizi. Taa zikawaka kwa zamu, na simba akadhani mtu anatembea huku na huku usiku kucha. Turere mwenyewe alikuwa amelala.

Watu hupenda kusimulia ufadhili wa masomo alioupata katika shule ya Brookhouse, na safari yake ya California mwaka 2013 kuhutubu kwenye jukwaa la TED. Ni mambo makubwa, na alistahili. Kwangu sehemu nzito zaidi ilitangulia hayo. Nyanya mmoja wa jirani, aliyekuwa amepoteza mifugo mingi kwa simba, alimwomba mtoto huyo amfungie taa zile. Nyumba nyingine zikafuata, hadi zikafika saba. Mtu mzima kwenda kwa mtoto wa darasani na kumwambia nifanyie hili unalolijua ni kutambuliwa kwa daraja la juu kabisa, na kulifanyika bila hafla.

Mwaka uleule wa 2012 wazee walezi wa morani kusini mwa Kajiado walipata jawabu la swali walilokuwa wamelileta kwa wahifadhi mwaka 2008: kijana atapata wapi sifa ikiwa simba hawindwi tena? Mnamo Desemba mashindano ya kwanza ya Olimpiki ya Wamaasai yalifanyika Kimana. Morani wa manyatta (vijiji vya morani) mbalimbali walishindana kurusha rungu na mkuki, kuruka juu, na kukimbia mita 200, 800 na 5,000. Manyatta iliyoshinda ilizawadiwa fahali wa mbegu. Mlezi wa mashindano ni David Rudisha, Mmaasai ambaye miezi michache kabla yake, tarehe 9 Agosti, alikuwa ameshinda mbio za mita 800 mjini London kwa dakika 1 na sekunde 40.91 na kuvunja rekodi ya dunia. Fahali huyo alichaguliwa na watu wanaojua thamani yake. Kombe la plastiki lingesahauliwa kabla ya mvua.

Hesabu hii yote ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: ilikuwa ya wanaume. Mwaka 2018 Kiruyan Katamboi, kiongozi wa jamii anayejulikana kama Mama Esther, aliwakabili viongozi wa IFAW, shirika la kimataifa la ustawi wa wanyama, na kuwataka waajiri wasichana wa Kimaasai kuwa askari wa wanyamapori. Mwaka 2019 wanawake wanane wakaingia katika kikosi cha jamii cha Olgulului, wakaitwa Team Lioness. Katika familia zao, wao ndio walikuwa wanawake wa kwanza kushika kazi ya mshahara. Nguvu yao ilikuwa pale askari wanaume wasipofika. Mwanamke wa bomani humweleza mwanamke mwenzake mambo ambayo hamwelezi askari wa kiume, na habari za wageni wasiojulikana au mtego uliotegwa porini mara nyingi huanzia kwa anayechota maji na kutafuta kuni. Janga la Korona lilipofika mwaka 2020, walikaa kazini miezi kadhaa bila kwenda nyumbani kwa watoto wao.

Mnamo Mei 2023, baada ya ukame mrefu ulioua mifugo na wanyamapori pamoja, simba dume aitwaye Loonkito aliingia katika boma la Olkelunyiet akitafuta chakula, akachomwa mkuki. Alikuwa na miaka 19, umri ambao simba dume wachache mno huufikia porini, na walinzi walikuwa wamemfuatilia karibu maisha yake yote. Siku chache baadaye simba sita waliuawa Mbirikani baada ya kuua mbuzi 11 na mbwa. Katika juma hilo simba waliouawa, hawa wakiwemo, walifika kumi. Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS) lilituma maofisa wakae na jamii.

Wapo waliosema basi kazi ya miaka 16 imeporomoka. Mimi sikubaliani nao. Loonkito alifika miaka 19 katika nchi ya wafugaji, nje ya ua wowote, na alipokufa aliombolezwa kwa jina la Kimaasai. Lakini juma lile lilifichua udhaifu ambao sifa haiwezi kuuziba. Mlinzi anasimama kati ya jirani aliyepoteza mbuzi wake wa mwisho na simba mwenye njaa, na hana mfukoni cha kumpa jirani isipokuwa kuaminiwa kwake. Naye ana familia. Asitokee mtu wa kuitumia historia hii kuhalalisha heshima bila malipo, kama ambavyo baadhi ya waajiri wetu hupenda kutoa cheti Desemba na kukwepa nyongeza ya mshahara Januari. Tangu mwaka 2007 walinzi walilipwa kwa mwezi, na jina na mshahara vilikwenda pamoja.

Mfano wao umevuka mpaka. Huko Ruaha, Tanzania, vijana wa Kibarabaig, ambao nao walikuwa na sifa ya kuua simba, walifunzwa kazi hiyohiyo. Huko Ngorongoro shirika la KopeLion linao walinzi wanaoitwa ilchokuti. Ila mlinzi wa jamii si askari wa KWS. Mshahara wake hautoki katika bajeti ya serikali bali kwa wafadhili, wengi wao wa ng'ambo, ambao mwaka wowote wanaweza kugeukia jambo jingine. Kaunti ya Kajiado hukusanya ada kwa watalii na kodi kwa ploti zinazozidi kumeguka Kitengela, na watu wanaojua kusoma unyayo alfajiri bado wanasubiri nafasi yao ndani ya bajeti hiyo.